Kupima Gari: Historia ya Lugha ya Kutambua Hitilafu za Magari Moshi na Miteremkoni mwa Kilimanjaro

Utangulizi

Historia ya Kiswahili imeandikwa aghalabu kwa kufuata mashairi, tenzi, barua za masultani na kamusi za wamisionari. Katika mhadhara huu ninakusudia kufuata njia nyingine, njia ya gereji. Nitajadili jinsi watu wa Moshi na wa vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro walivyolitambua gari bovu, na kwa maneno gani, tangu zama ambazo fundi alitegemea sikio, pua na kiganja, hadi zama hizi ambazo mwenye gari aweza kuchomeka kifaa kidogo chini ya usukani akiwa uani kwake na kusomewa namba ya hitilafu katika simu.

Huenda mtu akauliza: jambo hili linawahusu nini wanafunzi wa lugha? Jibu langu ni kwamba kutambua hitilafu ni tendo la lugha kabla halijawa tendo la spana. Anayelipa jina tatizo ndiye anayeamua kitakachofunguliwa, kitakachonunuliwa na atakayelipa. Kwa hiyo, swali la nani ana maneno na nani hana si la wataalamu wa istilahi peke yao. Linagusa mfuko wa mwenye gari na heshima ya fundi.

Usuli: reli, motokaa na tabaka za msamiati

Tuanze na jina la mji wenyewe. Wako wanaodhani kwamba Moshi imeitwa hivyo kwa sababu ya moshi wa garimoshi. Tarehe zinakataa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani haikuwa imefika Moshi hadi miaka ya 1911 na 1912, ilhali Mangi Rindi wa Moshi alikwisha kufahamika kwa wageni kwa jina la nchi yake miongo mingi kabla ya hapo. Jina ni la Wachagga. Kufanana kwake na neno la Kiswahili ni sadfa tu. Hata hivyo, ni sadfa inayotufaa, kwa kuwa tutaona kwamba moshi ndio uliokuwa kipimo cha kwanza cha injini, na ndio uliozaa pia kipimo cha kisasa.

Motokaa ilifuata reli. Luteni wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam mwezi Agosti 1907 kwa motokaa, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, mwezi Mei 1909. Karibu miaka miwili kwa safari moja yatosha kutuonyesha hali ya barabara na ya mitambo ya wakati ule. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, chini ya utawala wa Waingereza, magari yalianza kuwa chombo cha kazi. Katika Kilimanjaro kazi hiyo ilikuwa kahawa. Wakulima wa Kichagga waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, yaani KNCU. Kahawa ya migombani ilihitaji kuteremshwa mjini, na lori likawa sehemu ya maisha ya mlimani.

Msamiati wa chombo hiki kipya ulijengwa kwa tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni la bahari. Usukani, kabla ya kuwa gurudumu mikononi mwa dereva, ulikuwa wa chombo cha majini. Neno lilitoka katika Kiarabu na likakaa pwani karne nyingi kabla ya kupanda mlima ambao watu wake hawakuwa na majahazi. Tabaka la pili ni la lugha za Kihindi, na neno gari lenyewe ni la asili hiyo. Tabaka la tatu, na kubwa kuliko yote, ni la Kiingereza kilichotoholewa: injini, breki, klachi, gia, tairi, jeki, spana, plagi, kabureta, gasketi, rejeta.

Jambo la kutilia maanani ni kwamba karibu maneno yote ya tabaka hizi ni nomino. Kiswahili kilikopa majina ya vipuri. Maneno ya kueleza vipuri hivyo vinapoharibika hayakuhitaji kukopwa kwa wingi, kwa kuwa lugha ilikuwa nayo. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Gari linaloumwa: lugha ya sikio na pua

Sikilizeni namna watu wanavyolisema gari bovu. Gari linaumwa. Linakohoa asubuhi. Limechemsha. Linakunywa mafuta. Belti inalia. Injini imekufa, na fundi anaifufua. Vitenzi hivi vyote vimechukuliwa kutoka katika mwili wa binadamu, na chache tu, kama vile kunoki na kumisi, ndizo kauli zilizotoholewa. Kwa hakika, mtu aliyewahi kumuuguza mtoto alikuwa na nusu ya msamiati wa gereji kabla hajagusa spana.

Lugha hii haikuwa pambo. Ilikuwa chombo cha kupimia. Tuchukue mfano wa moshi. Moshi mweusi unaotoka katika bomba la gari la petroli humwambia fundi kwamba mafuta yanayoingia ni mengi kuliko hewa. Moshi wa rangi ya buluu humwambia kwamba injini inaunguza oili. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto humfanya ashuku kwamba maji yanapenya katika silinda, pengine kwa sababu gasketi imeungua. Plagi nayo husomwa: ikitoka nyeusi na kavu, mafuta yamezidi, ikitoka nyeupe, mafuta yamepungua, ikitoka imeloa oili, ringi au sili zimechoka. Fundi pia huchukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injini na mpini wake kwenye sikio, akasikiliza kila silinda kama daktari anavyosikiliza kifua.

Mlima wenyewe ulikuwa mwalimu wa elimu hiyo. Mji wa Moshi uko kati ya mita 700 na 950 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Katika kimo hicho msongo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa pwani. Kabureta haina njia rahisi ya kulijua hilo. Iliyorekebishwa vizuri Tanga au Dar es Salaam huendelea kutoa mafuta karibu kama kwamba hewa haijapungua, na gari linalopanda mlima hupoteza nguvu na kutoa moshi mweusi. Fundi wa Moshi, basi, alilazimika kujua jambo ambalo mwenzake wa pwani aliweza kuishi bila kulijua: kwamba gari laweza kuwa zima chini na kuumwa juu, na kwamba swali la kwanza la kumwuliza dereva ni, "Lilianzia wapi?"

Ujuzi wa aina hii haukuanza na motokaa. Katika eneo hili palikuwa na wahunzi tangu zamani. Ukoo wa Washana wa Ugweno, katika milima ya Pare ya Kaskazini, unakumbukwa katika mapokeo kwa ufuaji wa chuma, na chuma cha Pare kiliwafikia Wachagga. Sidai kwamba gereji ni mtoto wa kiwanda cha mhunzi. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa kurithisha ujuzi ulifanana: kijana alikaa na fundi, akapewa kazi ya kushika na kuosha, akasikia fundi akiuita mlio fulani kwa jina, mpaka siku moja akauita mwenyewe. Darasa lilikuwa la Kiswahili, pengine na Kichagga ndani yake, na mwenye gari alikuwa amesimama pale pale akisikiliza. Alichokisikia fundi, naye alikisikia. Wangeweza kubishana.

Waya na taa: hesabu ya mimweko

Mabadiliko yaliingia kwa mlango wa biashara. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya uhaba mkubwa wa magari na vipuri. Kuanzia mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu waliokuwa na fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na milango ikazidi kufunguka katika miaka iliyofuata. Magari yaliyotumika kutoka Japani yakawa mengi. Mengi ya magari hayo hayakuwa na kabureta. Yalikuwa na kompyuta, ambayo mafundi waliizoea kwa jina la kontroli boksi, na vihisi vilivyoipasha habari za joto, hewa na mwendo wa injini.

Katika Toyota nyingi za wakati huo, kompyuta hiyo iliweza kuulizwa bila kifaa chochote cha kununua. Ndani ya boneti kuna kijisanduku chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha hutazama taa ya injini kwenye dashibodi. Taa ikimweka mfululizo kwa mapigo yaliyo sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimweka mara mbili, ikatulia, ikamweka tena mara mbili, hiyo ni 22: kompyuta haipati habari sahihi kutoka kwa kihisi cha joto la maji ya injini.

Kwa mwanaisimu, hatua hii ni ya kipekee. Gari lililokuwa likikohoa na kulia sasa linahesabu. Lakini bado hesabu ilikuwa ya wazi: taa iliwaka mbele ya macho ya fundi na ya mwenye gari, na idadi ya mimweko ilihesabiwa kwa Kiswahili. Kilichokosekana ni orodha ya maana. Aliyekuwa na karatasi ya kusema 22 ni nini, alikuwa na ufunguo. Karatasi hiyo ilikuwa ya Kiingereza au ya Kijapani.

Tundu la pini 16

Mfumo unaotumika leo ulizaliwa mbali, na ulizaliwa kwa sababu ya moshi. Jimbo la California, lililosumbuliwa kwa miongo mingi na hewa chafu ya Los Angeles, ndilo lililowataka watengenezaji waweke ndani ya magari mitambo ya kujichunguza ili gari linalochafua hewa lijulikane. Marekebisho ya mwaka 1990 ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani yaliifanya kanuni hiyo kuwa ya nchi nzima, na pia yakawataka watengenezaji wasiwafiche mafundi wa nje taarifa za matengenezo. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilipaswa kuwa na tundu moja la aina moja, lenye nafasi za pini 16, na misimbo ya hitilafu iliyosanifiwa. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001.

Misimbo hiyo ina sarufi yake. Tuichambue P0301 kama tunavyokichambua kitenzi chetu. P ni ya injini na mfumo wa kuendesha magurudumu. Kungekuwa na B tungejua ni ya bodi, C ni ya chasisi, U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta. Sifuri inayofuata yatuambia kwamba msimbo huu ni wa wote, si wa mtengenezaji mmoja. 3 ni ya mfumo wa uwashaji. 01 ni silinda ya kwanza. Maana yake: silinda ya kwanza inakosa kuwaka sawasawa. Kila nafasi ina kazi, na kila nafasi inajazwa kwa kuchagua. Mwanafunzi aliyezoea viambishi vya Kibantu hana sababu ya kuuogopa msimbo wa namna hii.

Hapo awali vifaa vya kuisoma misimbo hii vilikuwa vya gereji kubwa. Mwaka 2005 kampuni ya Kanada ya ELM Electronics ilitoa kijenzi kilichoitwa ELM327, na nakala zake, nyingi zikiwa za bei ndogo sana, zikaenea duniani. Kampuni yenyewe ilifunga shughuli zake mwaka 2022, lakini nakala zimebaki. Leo mwenye gari wa Machame au Kibosho aweza kununua kifaa cha ukubwa wa kiberiti, akakichomeka chini ya dashibodi, akakiunganisha na simu kwa Bluetooth. Si kila gari litamjibu: baadhi ya magari ya soko la ndani la Japani ya miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo ya 2000 yana tundu la umbo lile lile, lakini yanazungumza itifaki ya mtengenezaji, na kifaa cha bei nafuu hakiielewi.

Msimbo si hukumu

Tuseme gari limejibu. Skrini inaonyesha P0171, na chini yake maneno ya Kiingereza. Sifa iliyotumika kuueleza mfumo ni ile ile ambayo Kiingereza humpa mtu aliyekonda. Upande wa pili, mafuta yanapozidi, Kiingereza hutumia neno la tajiri. Msomaji mwenye kamusi ya kawaida peke yake atapata kwamba mfumo wa gari lake umekonda mno. Hatajua la kufanya. Lakini fundi yeyote wa zama za kabureta ana maneno ya jambo hilo: injini inavuta hewa, au inakosa mafuta. Maana ilikuwako katika Kiswahili tangu zamani. Kilichokatika ni daraja kati ya namba na maana.

Gharama ya kukatika huko ni ya kweli. P0171 husema tu kwamba kihisi cha oksijeni kimekuta hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Asiyeelewa husoma neno "kihisi", akanunua kihisi kipya. Taa huwaka tena, kwa sababu kihisi hakikuwa na kosa. Kilikuwa shahidi aliyesema kweli. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka baada ya kipima hewa, pampu ya petroli iliyochoka, au kipima hewa kilichojaa vumbi. Kuvitenganisha huhitaji kazi ile ile ya zamani: kusikiliza mfoneko wa hewa, kushika mpira kwa mkono, kuuliza lilianzia wapi. Kifaa kinapunguza mahali pa kutafuta, hakimalizi kutafuta.

Wako pia wanaokitumia kifaa kufuta msimbo na kuizima taa, hasa gari likiwa linauzwa. Wahenga walikwisha kulisema hilo kwa ufupi: mficha maradhi kifo humuumbua. Taa ikimweka wakati gari linatembea, kwa kawaida inaonya kwamba silinda haziwaki sawasawa kiasi cha kuharibu kichujio cha gesi kilichomo katika bomba la moshi. Kuifuta bila kutibu ni kuahirisha deni.

Zaidi ya hayo, kuna badiliko la uhusiano. Zamani fundi alisema, "Sikia mlio huu." Leo aweza kusema, "Kompyuta imesema." Kauli ya kwanza ilimkaribisha mwenye gari katika ushahidi. Kauli ya pili inamwondoa, na wakati mwingine inamwondoa fundi mwenyewe, kwa maana kijana aliyesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili anakabidhiwa skrini ya Kiingereza na kutakiwa aitetee.

Istilahi: nani ataunda, na kwa malighafi gani?

Kiswahili hakijakosa taasisi za kuunda istilahi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. BAKITA iliundwa mwaka 1967. TUKI, iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1970 na kuingia katika TATAKI mwaka 2009, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alichapisha Dar es Salaam kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa magari, Moshi ikiwemo.

Upande wa gereji nao haukulala. Umeunda kwa kutohoa. Utohoaji si dhambi; bila huo tusingekuwa na breki. Lakini una mipaka yake. Gereji husema sensa, ilhali kwa Mtanzania sensa ni kuhesabiwa kwa watu, kama tulivyohesabiwa mwaka 2012 na 2022. Neno la Kiingereza la msimbo likitoholewa kwa sauti zake hutupa kodi, na mwenye gari ana kodi za kutosha tayari. Katika mahali kama hapa, kihisi na msimbo, maneno yaliyosanifiwa, yanastahili kupewa nafasi, kwa sababu yanaondoa utata.

Kinyume chake, kuna mahali ambapo msanifu ndiye anayepaswa kujifunza kwa fundi. Hapana haja ya kuunda istilahi mpya ya kuvuta hewa, kuchemsha, kunoki au kuunguza oili. Maneno hayo yamepimwa kazini kwa miongo mingi, na ni sahihi kuliko tafsiri ya kamusi.

Najua pingamizi moja. Itasemwa kwamba namba hazina lugha, na kwamba P0171 ni ile ile Moshi na Munich. Kwa nini tuhangaike? Ni kweli kwamba namba ni ya wote. Maana yake si ya wote mpaka iwe imeandikwa katika lugha ambayo anayelipa anaielewa.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, Kiswahili cha gereji kilikopa majina ya vipuri lakini kilijitosheleza kwa vitenzi vya maradhi, na vitenzi hivyo vilikuwa vyombo vya kupimia. Pili, kipimo kilipohama kutoka sikioni kwenda katika mmweko wa taa na baadaye katika skrini, ushahidi uliokuwa wa wote ukawa wa anayesoma Kiingereza. Tatu, daraja linaweza kujengwa kwa malighafi tuliyo nayo.

Kwa wanafunzi nina ombi mahususi. Mafundi waliojifunza kazi kwa kabureta wanazeeka. Nendeni Moshi, Himo, Marangu na Machame mkiwa na daftari. Andikeni wanavyoiita kila milio, kila rangi ya moshi, kila harufu. Kisha chukueni misimbo ya kawaida, na mbele ya kila mmoja andikeni kauli ambayo fundi angeitumia kumweleza jirani yake. Orodha ya kurasa chache, ikibandikwa ukutani mwa gereji au ikihifadhiwa katika simu ya mwenye gari, itafanya kazi ambayo kamusi kubwa haijaifanya: itamrudisha mwenye gari mahali alipokuwa amesimama zamani, kando ya fundi, akisikia na kuelewa.